GOPALA, MUFALME ALIYECHAGULIWA ILI SHERIA YA SAMAKI IISHE



Leo tunataka kuwapeleka mbali sana, ngambo ya bahari, katika inchi ya India, na tena nyuma sana katika wakati, zaidi ya miaka 1200 iliyopita. Tutazungumza juu ya maisha ya mutu mumoja aliyeitwa Gopala. Jina lake halijulikani sana kwetu, lakini kule kwao watoto wa masomo wanalisoma hata leo.

Pengine mumoja wetu atauliza: mutu huyu hakuwa Mukristo, basi anatuhusu nini? Tunamujibu kwa upole kwamba mwenye akili anajifunza hata kwa jirani asiyesali naye. Tena jambo lililotokea katika siku za Gopala linaweza kupata taifa lolote: inchi inakosa mukubwa, watu wanakulana, na siku moja watu hao wenyewe wanachoka na kusema, basi. Tuketi chini, tusikilize namna ilivyokuwa.

1. INCHI YAKE

Kwenye upande wa mashariki wa India kuna inchi iitwayo Bengal. Leo sehemu moja ni taifa la Bangladesh, na sehemu nyingine ni jimbo la India. Ni inchi ya mito. Muto mukubwa wa Ganga na muto Brahmaputra inashuka pale, inagawanyika mara nyingi, kisha inaingia baharini. Udongo wake ni muzuri sana. Watu wanalima mupunga, wanavua samaki, wanasafiri kwa mitumbwi. Inchi kama ile, ikipata utulivu, watu wake wanashiba. Ikikosa utulivu, kila mwenye silaha anaitamani.

Mwanzoni mwa karne ya 7 Bengal ilikuwa na mufalme mwenye nguvu aliyeitwa Shashanka. Makao yake yalikuwa katika muji wa Karnasuvarna. Alipigana na wafalme wakubwa wa kaskazini na hakuwaogopa. Lakini Shashanka alikufa kabla ya mwaka 638, na nguvu yake yote ikafa pamoja naye. Hakuna murithi aliyeweza kusimamisha nyumba ile. Ilikuwa kama nyumba iliyojengwa juu ya nguzo moja tu: nguzo ikianguka, paa lote liko chini.

Tangu siku ile inchi ilikaa zaidi ya miaka 100 bila amani ya kweli. Wageni nao waliona mulango wazi. Karibu mwaka 730 mufalme Yashovarman wa muji wa Kannauj alikuja na jeshi, akamuua mufalme wa Gauda, maana Gauda ni jina la zamani la sehemu ya Bengal. Mushairi wake wa nyumbani akatunga shairi refu la kumusifu kwa ajili ya mauaji yale. Lakini Yashovarman naye hakukaa sana katika utukufu wake, maana mufalme Lalitaditya wa Kashmir alimushinda. Ndivyo vita vinavyokuwa: leo unakula, kesho unaliwa. Na raia wa kijijini, yule mwenye shamba dogo la mupunga, aliteseka kwa wote wawili.

2. SHERIA YA SAMAKI

Wahenga wa India walikuwa na neno la kueleza hali ya namna ile. Katika luga yao ya Sanskriti walisema matsyanyaya, maana yake sheria ya samaki. Samaki mukubwa anamumeza mudogo, na mudogo naye anamumeza aliye mudogo zaidi. Hakuna hakimu ndani ya maji. Hakuna pa kupeleka mashitaki.

Wandugu wanaokaa kando ya ziwa Tanganyika hawahitaji mutu wa kuwaeleza neno hili. Wanajua kwamba sangala anashiba kwa ndakala, na ndakala hana pa kukimbilia ila ndani ya maji yale yale. Sasa fikirini wanadamu wakiishi vile. Mwenye askari kumi anamunyanganya mwenye askari watano. Mwenye askari watano anamunyanganya mwenye panga moja. Mwenye panga anamunyanganya mujane kuku wake. Na mujane atamunyanganya nani?

Neno hili lilikuwa la zamani sana hata katika siku za Gopala. Kitabu cha Kautilya juu ya utawala, ambacho ni kitabu mashuhuri cha India ya kale, kinaeleza kwamba watu wa zamani waliteswa na sheria ya samaki, ndiyo maana wakamuweka Manu kuwa mufalme wao. Wakakubali kumupa sehemu moja ya sita ya mavuno yao, na yeye akapokea kazi ya kuwalinda. Angalieni vizuri mupango ule. Kodi inatoka kwa watu, ulinzi unatoka kwa mufalme. Mufalme anayekula kodi bila kulinda ameshakuwa samaki mukubwa kuliko wote.

Mutawa mumoja wa Tibet, jina lake Taranatha, aliandika mwaka 1608 historia ya dini ya Budha katika India. Anaeleza juu ya wakati ule wa Bengal kwamba hakukuwa mufalme wa inchi nzima. Kila mukubwa wa jeshi, kila kuhani, kila mufanyabiashara mwenye mali alikuwa mufalme ndani ya nyumba yake. Sisi tunaosoma Kitabu cha Waamuzi tunaijua hali ile. Ikiwa kila nyumba ina mufalme wake, basi inchi haina mufalme.

3. UKOO WA GOPALA

Gopala hakuzaliwa katika nyumba ya kifalme. Habari za ukoo wake tunazipata katika mabamba ya shaba. Wafalme wa India ya zamani walikuwa na desturi ya kuchora barua zao juu ya mabamba ya shaba, zaidi wakati wa kugawa mashamba au vijiji, kusudi ushuhuda usiharibiwe na mvua wala mchwa. Bamba moja la namna ile liliokotwa katika karne ya 19 kwenye kijiji cha Khalimpur, wilaya ya Maldah. Liliandikwa na mutoto wa Gopala, mufalme Dharmapala, katika mwaka wa 32 wa utawala wake.

Bamba lile linataja babu wa Gopala, aliyeitwa Dayitavishnu. Linamusifu kuwa mutu wa elimu nyingi. Halimuiti mufalme. Kisha linamutaja baba wa Gopala, aliyeitwa Vapyata, nalo linamusifu kuwa mutu aliyeshinda maadui. Yeye pia haitwi mufalme. Basi babu alikuwa mutu wa kitabu, baba alikuwa mutu wa upanga, na mutoto ndiye aliyekuja kukaa juu ya kiti. Muke wa Gopala aliitwa Deddadevi.

Kwa kawaida watoto wa wafalme, wakipata nguvu, wanatengeneza hadithi kwamba babu yao alishuka kutoka kwa jua ao kwa mwezi. Wafalme wengi wa India walifanya vile. Dharmapala angeweza kusema uongo ule juu ya babu zake, na nani angemukataza? Lakini katika bamba lile aliacha babu zake kama walivyokuwa. Tunaona neno hili ni kubwa. Mutu asiyeona haya juu ya asili yake ndogo anakumbuka vizuri nani alimuinua.

Hata jina lenyewe linafundisha. Gopala katika luga yao ni mulinzi wa ng'ombe, ndiyo kusema muchungaji. Sehemu ya mwisho ya jina, pala, maana yake ni mulinzi. Watoto na wajukuu wake karibu wote walibeba sehemu ile katika majina yao: Dharmapala, Devapala, Mahipala, Ramapala. Ndiyo maana wanahistoria wanaita ukoo ule ufalme wa Wapala. Ni ufalme wa walinzi. Tutaona mbele kama walistahili jina lile siku zote.

4. NAMNA ALIVYOCHAGULIWA

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Bamba la Khalimpur linasema kwamba watu, kusudi wamalize sheria ya samaki, walimufanya Gopala ashike mukono wa bahati ya kifalme. Wahindi walizoea kumufananisha ufalme na bibi-arusi, na mufalme na bwana-arusi. Katika hadithi nyingi bwana-arusi anamuteka bibi-arusi kwa nguvu. Hapa sivyo. Hapa watu wa inchi ndio waliokuwa wazazi wa bibi-arusi, na wao wenyewe waliweka mukono wake katika mukono wa Gopala.

Jambo lile lilitokea karibu mwaka 750. Neno ambalo bamba linatumia kwa wale waliochagua ni prakriti. Wataalamu wameshindana sana juu yake. Wengine wanasema ni raia wote wa inchi. Wengine wanasema ni wakubwa na wenye madaraka tu, maana katika vitabu vya utawala neno lile linaweza kuwa na maana ile pia. Wengi wanaona kwamba masultani wa vijiji na wakubwa wa majeshi ndio waliokutana na kupatana, na raia wakakubali kwa furaha.

Sisi tunasema hivi: hata kama walikuwa wakubwa tu, jambo ni la ajabu. Kila mumoja wao alikuwa mufalme ndani ya nyumba yake. Kila mumoja alikuwa na askari wake na alikula kodi ya watu wake. Kumuchagua mutu mumoja juu yao kulikuwa kukubali kupunguka. Mutu mudogo akisema anataka amani, hatushangai, maana hana cha kupoteza. Lakini mukubwa anayeshuka chini kwa mapenzi yake, akasema fulani atutawale sisi wote, huyo ameshinda adui aliye ndani ya moyo wake. Pengine walikuwa wamechoka. Pengine kila mumoja aliona kwamba katika maji yale hakuna samaki aliye mukubwa hata asiweze kuliwa. Njia yoyote waliyopitia, walifika kwenye hekima.

5. HADITHI YA MUTAWA WA TIBET

Tumemutaja mutawa Taranatha. Yeye aliandika miaka zaidi ya 800 baada ya Gopala, na alikusanya masimulizi ya wazee wa dini yake. Hadithi anayoitoa juu ya Gopala si ushuhuda wa mambo yaliyoonekana kwa macho. Ni hadithi ya wazee, na tunawapa kama hadithi. Lakini wazee hawakuitunga bila sababu.

Inasemwa kwamba watu wa inchi ile walikuwa wakichagua mufalme, lakini kila aliyechaguliwa alikutwa amekufa asubui. Usiku zimwi mwanamuke, aliyekuwa muke wa mufalme wa zamani, alikuja kumuua. Lakini inchi haikuweza kukaa bila mufalme, basi wakaendelea kuchagua mwingine kila siku, nyumba kwa nyumba, kila nyumba kwa zamu yake. Fikirini hali ya jamaa ambao zamu imewafikia. Heshima ya ufalme imekuwa hukumu ya kifo.

Siku moja Gopala alifika katika nyumba fulani akakuta watu wanalia. Akauliza sababu. Wakamueleza kwamba kesho zamu ni ya mutoto wao. Gopala akasema atakwenda pahali pa mutoto yule. Akaenda, akawekwa kuwa mufalme, na usiku zimwi lilipokuja akalipiga kwa rungu la muti alilopewa na mungu wao Chunda, akaliua. Asubui watu walikuja wakijua wanakuja kubeba maiti. Wakamukuta anaishi. Wakashangaa sana. Akachukua tena zamu ya wengine, hata akafanywa mufalme mara saba katika siku saba. Mwishowe watu wakasema, huyu akae siku zote, nao wakamupa jina la Gopala, mulinzi.

Tukiacha zimwi na rungu, kitu gani kinabaki? Kinabaki hiki: wazee wa Bengal walikumbuka kwamba katika siku zile kiti cha ufalme kilikuwa kinaua. Tena walikumbuka kwamba mutu aliyestahili kukaa juu yake ni yule aliyekwenda kwa sababu ya machozi ya nyumba ya wengine. Zamu haikuwa yake. Angeweza kupita njia yake. Wangapi wanatafuta kiti kwa ajili ya chakula kilicho mbele yake, na wangapi wanakikubali wakijua kifo kiko nyuma yake?

6. KAZI YAKE

Gopala alitawala karibu miaka 20, hata karibu mwaka 770. Alianza na sehemu ya Bengal, akaunganisha zile sehemu zilizokuwa zinapigana. Nguvu ya ukoo wake ilisimama Bengal na pia katika inchi ya jirani iitwayo Bihar. Mushairi mumoja wa siku za baadaye, Sandhyakara Nandi, anaita sehemu ya Varendra, kaskazini mwa Bengal, kuwa inchi ya baba zao Wapala.

Mujukuu wake Devapala aliacha naye bamba la shaba lenye neno zuri juu ya babu yake. Linasema kwamba Gopala aliposhinda inchi hata kufika kwenye bahari, aliona tembo wake wa vita hawana kazi tena. Basi akawafungulia. Tembo wale wakarudi katika pori, wakaonana tena na ndugu zao waliowaacha siku nyingi, na machozi yakawatoka.

Wandugu, mushairi aliyetunga maneno yale alikuwa anamusifu mufalme wake, na sifa za wafalme mara nyingi zina chumvi. Lakini angalieni kitu alichochagua kusifu. Mara nyingi wanahesabu vichwa vilivyokatwa na miji iliyochomwa. Huyu alimusifu babu wa mufalme kwa sababu alifungua tembo wa vita. Watu wengi wanajua kukusanya silaha wakati wa kutafuta amani. Ni wachache wanaojua kuziacha wakisha kuipata. Silaha isiyo na kazi inajitafutia kazi, nayo inaipata kwa raia.

Juu ya dini, Wapala walifuata mafundisho ya Budha. Muhuri wao ulikuwa na picha ya gurudumu la sheria, na paa wawili kando yake, mumoja kuume na mumoja kushoto. Taranatha anamusifu Gopala kwa kujenga nyumba za watawa, na masimulizi ya Tibet yanaunganisha nyumba mashuhuri ya Odantapuri katika Bihar na wafalme wa kwanza wa ukoo ule.

Lakini wafalme hawa hawakuwalazimisha raia wao kufuata dini yao. Bamba lile la Khalimpur tulilolitaja, sababu ya kuandikwa kwake ilikuwa nini? Dharmapala, Mubudha, alitoa vijiji vine kwa ajili ya hekalu la Vishnu, mungu wa Wahindu, kwa sababu mukubwa mumoja wa chini yake alimuomba. Tena jamaa moja ya makuhani Wahindu ndiyo iliyotoa washauri wakubwa wa wafalme wale, baba kisha mutoto kisha mujukuu. Mufalme aliyesali namna moja na mushauri aliyesali namna nyingine waliketi meza moja kwa ajili ya inchi. Katika siku zile, na katika siku zetu, jambo lile si dogo.

7. WALIOFUATA NYUMA YAKE

Mbegu ikiwa nzuri inaonekana katika mavuno. Dharmapala alitawala kutoka karibu mwaka 770, akaufanya ufalme wa baba yake kuwa mumoja wa falme tatu kubwa za India. Alipigana na Wapratihara wa magaribi na Warashtrakuta wa kusini juu ya muji wa Kannauj. Mara nyingine alishindwa, lakini alifika hata kuweka mutu wake Chakrayudha juu ya kiti cha muji ule, uliokuwa umetoa jeshi lililomuua mufalme wa Gauda zamani.

Dharmapala alijenga nyumba kubwa ya masomo iitwayo Vikramashila, na nyingine iitwayo Somapura. Mabomoko ya Somapura yanaonekana hata leo pahali paitwapo Paharpur, katika Bangladesh. Ina vyumba 177 vya watawa, vimezunguka kiwanja kikubwa, na hekalu refu katikati. Tangu mwaka 1985 imeandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Kisha alikuja Devapala. Katika wakati wake, mufalme wa mbali aitwaye Balaputradeva, wa kisiwa cha Sumatra, alijenga nyumba ya watawa kule Nalanda, na akamuomba Devapala vijiji vitano kwa ajili ya matunzo yake. Devapala akakubali. Tena kutoka Vikramashila mwalimu Atisha alitoka katika uzee wake, akavuka milima mirefu, na kufika Tibet mwaka 1042 kufundisha watu. Basi inchi ambayo katika siku za babu zao ilikuwa ya kukulana, ilitoa walimu kwa mataifa mengine. Hekima haistawi pahali mutu analala na kiatu muguuni, akingoja kukimbia.

8. SAMAKI WALIPORUDI

Hatutaki kuwaficha mwisho. Ufalme wa Wapala ulidumu karibu miaka 400, na katika miaka ile yote hawakuwa wazuri siku zote. Karibu mwaka 1075 alitawala Mahipala wa Pili. Huyu aliwafunga gerezani ndugu zake wawili, Shurapala na Ramapala, kwa kuogopa watamunyanganya ufalme. Wakubwa wake wakamuasi. Akatoka kupigana nao bila maandalizi ya kutosha, akauawa. Na Varendra, ile inchi ya baba zao, ikashikwa na mutu aliyeitwa Divya.

Divya huyu alikuwa wa watu wanaoitwa Kaivarta. Na Kaivarta ni watu gani? Kwa asili ni wavuvi na waendesha mitumbwi. Tulipofika hapo tulinyamaza kwanza. Gopala aliwekwa juu ili samaki mukubwa asimumeze mudogo. Baada ya miaka 300 hivi mujukuu wake alikuwa amekuwa samaki mukubwa, na waliomutoa ni ukoo wa wavuvi.

Baada ya Divya walitawala ndugu yake Rudoka, kisha mutoto wa ndugu yake, Bhima. Ramapala, yule aliyekuwa amefungwa, ilimupasa kuzunguka kwa masultani mbalimbali, akiwaomba musaada na kuwapa mali na mashamba, hata akapata jeshi. Akamushinda Bhima, naye Bhima akauawa. Ufalme ukarudi, lakini nguvu ya kwanza haikurudi kabisa. Katika karne ya 12 ukoo wa Wapala ulimalizika, na wengine wakakaa pahali pao.

Angalieni tofauti. Gopala alipewa inchi, maana watu walichoka na vita na wakamuamini. Ramapala alilazimika kuinunua inchi ile ile kwa mali. Imani ya watu, ikisha kupotea, bei yake ni kubwa sana, na hata ukilipa hupati yote.

9. TUNAJIFUNZA NINI?

Wapenzi wandugu, kwa kumaliza tunaweka mbele yenu maneno matatu tu.

La kwanza. Watu wa Bengal walikaa zaidi ya miaka 100 katika taabu kabla ya kupatana. Wale waliozaliwa katikati ya miaka ile pengine walizani kwamba dunia ndivyo ilivyo, na kwamba sheria ya samaki haiwezi kuisha. Iliisha. Haikuisha kwa sababu samaki mumoja alimeza wengine wote. Iliisha siku watu walipoketi pamoja na kuchagua.

La pili. Aliyechaguliwa hakuwa mutoto wa mufalme. Alikuwa mujukuu wa mutu wa masomo na mutoto wa askari. Watu walitazama kazi na moyo, hawakutazama ukoo. Na wewe unayesoma, usidharau mutoto wa nyumba ndogo anayekaa karibu nawe. Hujui zamu gani atakuja kubeba kwa ajili ya jirani.

La tatu. Kazi ya kulinda hairisiwi kama shamba. Gopala alikuwa mulinzi kwa matendo, Mahipala wa Pili alikuwa mulinzi kwa jina tu. Kila mumoja wetu amepewa kitu cha kulinda: baba analinda nyumba yake, mama analinda watoto, mwalimu analinda wanafunzi, sisi mashemasi tunalinda mali ya ndugu wote. Kabla ya kulala usiku huu, kila mutu ajiulize mbele ya Mungu: je, walio wadogo chini yangu wananiona kama mulinzi ao kama samaki?

Amani ikae nanyi na katika nyumba zenu zote.